Kura za Profesa Lipumba: zilitoka Pemba au Bara?

Swali hili limetoka kwa msomaji wa Wete, Pemba: "Assalaam alaykum Mwalimu. Nyumbani kwetu kuna ubishi usiokwisha. Babu anasema Profesa Lipumba alibebwa na kura za Wapemba miaka yote aliyogombea urais wa Muungano, na tulipomwacha ndipo alipoanguka. Mjomba, aliyehamia Tanga tangu ujana wake, anasema Profesa alikuwa na watu wake Bara, na Pemba ilikuwa nyongeza tu. Nani kati yao ana haki? Tena, kwa nini asilimia yake ya mwaka 2010 naikuta imeandikwa 8.06 pahala pengine na 8.28 pahala pengine?"

Waalaykum salaam, mwanangu. Nimefurahi kwamba ubishi wa nyumbani umekupeleka kwenye hesabu, kwa sababu mambo ya uchaguzi visiwani petu huzungumzwa sana kwa hisia na mara chache kwa tarakimu. Jibu langu ni kwamba babu yako ana haki kwa baadhi ya miaka, na mjomba wako ana haki kwa miaka mingine. Kosa lao wote wawili ni kudhani kwamba kura za Profesa Ibrahim Lipumba zilikuwa na asili moja tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali zilibadilika karibu kila uchaguzi.

Kwanza nikuwekee tarakimu kama zilivyotangazwa na Tume ya Taifa ya Uchaguzi. Profesa amegombea urais wa Jamhuri ya Muungano mara tano, zote kwa tiketi ya Chama cha Wananchi, CUF. Mwaka 1995 alipata kura 418,973, sawa na asilimia 6.43, akawa wa tatu. Mwaka 2000 alipata kura 1,329,077, asilimia 16.26, akawa wa pili. Mwaka 2005 alipata 1,327,125, asilimia 11.68, akabaki wa pili. Mwaka 2010 alishuka hadi 695,667 na kurudi nafasi ya tatu. Mwaka 2015 hakugombea. Mwaka 2020 alirudi, akapata kura 72,885, asilimia 0.49, akawa wa tano. Ukizijumlisha kura zake za chaguzi zote tano unapata 3,843,727, na jumla hiyo haifikii kura 4,026,422 alizopata Benjamin Mkapa katika uchaguzi mmoja tu wa 1995. Nakutajia hilo ili ujue ukubwa wa pengo tunalolizungumzia, wala si kwa kumdunisha mtu aliyeacha utulivu wa kufundisha uchumi chuo kikuu akaingia katika siasa za upinzani wakati ambapo upinzani ulikuwa na gharama kubwa.

Sasa tuje kwenye Pemba. Ili nipime mchango wa Zanzibar nimetumia njia moja rahisi, nayo ni kuziangalia kura za Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa mgombea wa CUF kwa urais wa Zanzibar katika chaguzi zilezile, na kuuliza zingekuwa sehemu gani ya kura za Profesa iwapo kila aliyemchagua Maalim alimchagua na Profesa. Hiki ni kipimo cha makadirio, mwanangu, usikichukue kama hesabu kamili. Daftari la wapiga kura la Zanzibar na lile la Muungano ni madaftari mawili, na sheria ya Zanzibar ilimtaka mpiga kura awe ameishi katika jimbo kwa muda maalumu, sharti lililowanyima wengine kura ya Zanzibar huku kura ya Muungano wakiwa nayo. Isitoshe, si kila mara kura hizo mbili zilipigwa siku moja. Hata hivyo kipimo hiki kinatosha kuamua ubishi wenu, kwa sababu tofauti zinazojitokeza ni kubwa mno kuweza kuletwa na kasoro za daftari.

Mwaka 1995 Zanzibar ilipiga kura yake tarehe 22 Oktoba, wiki moja kabla ya uchaguzi wa Muungano. Maalim Seif alitangaziwa kura 163,706 dhidi ya 165,271 za Dk. Salmin Amour, tofauti ya kura 1,565, na maumivu ya tofauti ile babu yako ataweza kukusimulia kuliko mimi. Ukizilinganisha kura za Maalim na zile 418,973 za Profesa, unaona kwamba Zanzibar pekee ingeweza kumpa karibu kura mbili katika kila tano. Hapo babu ana haki. Chama chenyewe kilizaliwa mwaka 1992 kwa kuungana kwa KAMAHURU ya Zanzibar na Chama cha Wananchi cha Bara, na katika miaka ile ya mwanzo mizizi yake ilikuwa huku kwetu. Upinzani wa Bara mwaka 1995 ulikuwa umemkumbatia Augustino Mrema wa NCCR-Mageuzi, aliyepata kura 1,808,616, na CHADEMA nayo ilimuunga mkono yeye. Profesa alikuwa mgeni katika siasa, chama chake Bara kilikuwa kichanga, na jijini Dar es Salaam uchaguzi ulivurugika ukarudiwa mwezi Novemba huku vyama vya upinzani vikijitoa. Mgombea aliyetoka Tabora akachukua nafasi ya tatu kitaifa huku sehemu kubwa ya kura zake ikitoka visiwani.

Lakini mwaka 2000 picha iligeuka kabisa, na hapa namwomba babu yako awe na subira. Maalim Seif alitangaziwa kura 122,000. Idadi hii ilikuwa pungufu kwa sababu inayofahamika: uchaguzi ulifutwa katika majimbo 16 ya Unguja, ukarudiwa tarehe 5 Novemba, na CUF ikaususia. Kura hizo 122,000 ni chini ya moja ya kumi ya kura 1,329,077 za Profesa. Hata tukisema kwamba Zanzibar ingempa tena zile 163,706 za mwaka 1995, bado isingefika sehemu moja katika nane. Kura nyingine zote, zaidi ya milioni moja, zilitoka Bara, na sababu zake zinaonekana. Mrema, aliyekuwa amehamia TLP, aliporomoka kutoka kura 1,808,616 hadi 637,115, yaani alipoteza kura 1,171,501, na Profesa aliongeza kura 910,104. Sisemi kwamba ni watu walewale waliotoka huku wakaenda kule, kwa kuwa sanduku la kura halina jina la mtu, lakini ni wazi kwamba Mtanzania wa Bara aliyetaka kuipigia kura nguvu nyingine mbali na CCM alikuwa amebakiwa na mlango mmoja mkubwa. CHADEMA mwaka ule haikusimamisha mgombea wa urais, ikamuunga mkono Profesa. CUF ikapata pia wabunge wawili wa majimbo ya Bara, mmoja Bukoba Mjini na mwingine Kigamboni. Kwa uchaguzi wa 2000, basi, mjomba wako ana haki bila ya shaka.

Uchaguzi wa 2005 ndio ninaoupenda zaidi kuwafundishia vijana, kwa sababu unaonesha namna asilimia inavyoweza kumpotosha msomaji asiyeangalia kura zenyewe. Ukiitazama asilimia, Profesa alianguka kutoka 16.26 hadi 11.68, na wengi waliandika kwamba nguvu zake zimekwisha. Ukizitazama kura, utaona alipoteza 1,952 tu kati ya zaidi ya milioni moja na laki tatu. Hakuanguka; alisimama palepale wakati wengine walikwenda mbele. Kura halali za urais nchi nzima zilitoka 8,172,284 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 11.3 mwaka 2005, na karibu ongezeko lote lilikwenda kwa Jakaya Kikwete, aliyepata kura 9,123,952, na kwa Freeman Mbowe wa CHADEMA, ambaye safari hii aligombea mwenyewe na kupata 668,756. Kwa hiyo Profesa aliondokewa na mkono wa CHADEMA, akakabiliwa na mgombea wa CCM aliyekuwa akipendwa mno, na bado kura zake karibu hazikupungua. Mimi nauhesabu huu kuwa uchaguzi wake mgumu kuliko yote na alioufanya vizuri kuliko yote, ingawa vitabu humsifu kwa ule wa 2000.

Mchango wa Zanzibar mwaka 2005, kwa kipimo chetu, ulipanda kidogo: Maalim Seif alipata kura 207,773, ambazo ni kiasi cha sehemu moja katika sita ya kura za Profesa. Lakini hapa pana jambo la kukumbuka. Zanzibar ilipiga kura yake tarehe 30 Oktoba, ilhali uchaguzi wa Muungano uliahirishwa hadi tarehe 14 Disemba kwa sababu mgombea mwenza wa CHADEMA, Jumbe Rajab Jumbe, alifariki dunia. Wapiga kura wa Pemba walirudi vituoni wiki sita na zaidi baada ya kusikia kwamba Maalim ameshindwa tena, na mtu mwenye moyo uliovunjika si yuleyule aliyejipanga foleni alfajiri ya Oktoba. Ndiyo maana makadirio ya mwaka huo nayaamini kidogo kuliko ya miaka mingine.

Udhaifu wa kura za Bara za mwaka 2005 haukuwa katika wingi wake bali katika mtawanyiko wake. CUF ilipata viti 19 vya majimbo katika Bunge la Muungano, na vyote vilitoka Zanzibar. Bukoba Mjini na Kigamboni vilikwenda. CHADEMA, ambayo mgombea wake wa urais alipata nusu ya kura za Profesa, ilipata majimbo matano ya Bara. Kura za Profesa zilikuwa kama mchele uliomwagwa uwanjani: mwingi, lakini hakuna pahala ulipojaa kibaba. Mjomba wako anaposema Profesa alikuwa na watu wake Bara, anasema kweli. Kilichokosekana ni jimbo walilokuwa wengi wa kutosha, na chama kisicho na mbunge wala ofisi yenye uhai katika wilaya hakina njia ya kuwakusanya watu wake mwaka wa tatu au wa nne baada ya uchaguzi.

Ndipo ukaja mwaka 2010, unaouulizia asilimia mbili. Nikujibu hilo kwanza. Kura zilizopigwa zilikuwa 8,626,283, na kati yake 227,889 ziliharibika, zikabaki kura halali 8,398,394. Ukizigawa kura 695,667 za Profesa kwa kura zote zilizopigwa unapata 8.06. Ukizigawa kwa kura halali peke yake unapata 8.28. Hakuna aliyekosea, kila mwandishi alichagua kigawanyo chake bila ya kukwambia. Kwa sababu hiyohiyo utamkuta Kikwete na asilimia 61.17 katika karatasi moja na 62.83 katika nyingine. Unaponakili asilimia ya uchaguzi wowote, iandike pamoja na idadi ya kura, ili anayekuja baada yako aweze kuikagua.

Mwaka ule watu walijitokeza wachache mno, chini ya asilimia 43 ya walioandikishwa, na Profesa alipoteza kura 631,458 kwa mkupuo mmoja. Upinzani wa Bara ulikuwa umepata mlango mwingine: Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA alipata kura 2,271,941. Zanzibar, kwa upande wake, ilikuwa katika hali ya kipekee. Maalim Seif na Rais Amani Karume walikuwa wamepatana Novemba 2009, kura ya maoni ya Julai 2010 ilikuwa imekubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na chaguzi zote mbili zilifanyika siku moja, tarehe 31 Oktoba. Maalim alipata 176,338, asilimia 49.14, nyuma ya Dk. Ali Mohamed Shein kwa kura 3,471 tu. Hizo ni robo nzima ya kura za Profesa. Angalia vizuri: idadi ya kura za Zanzibar ilikuwa imepungua kuliko 2005, lakini sehemu yake ndani ya kapu la Profesa iliongezeka, kwa kuwa kapu lenyewe lilikuwa limepwaya upande wa Bara. Babu yako anarudi kuwa na haki, ingawa majimbo mawili ambayo CUF ilishinda Bara mwaka huo, Lindi Mjini na Kilwa Kusini, yanamkumbusha kwamba pwani ya kusini nayo ilikuwa na neno lake.

Nina kumbukumbu moja ya wiki ile ambayo inaeleza kura za Pemba kuliko jedwali lolote. Shangazi yangu alikuwa amekaa juu ya jamvi akichambua karafuu, akitenga makonyo upande mmoja, vidole vimemuiva weusi. Nilikuwa na mfano wa karatasi ya kura ya kufundishia, nikamwekea mbele yake na kumuuliza kama anaijua karatasi ya rais wa Muungano. Hakuziangalia picha za wagombea hata kidogo. Kidole kilishuka moja kwa moja hadi kwenye alama ya chama, kikaacha doa la karafuu pale. Nikamwambia, "Shangazi, huyu ni Profesa Lipumba." Akanijibu, "Mimi nampa Maalim." Nikamweleza kwamba Maalim yumo katika karatasi nyingine. Akasema, "Basi na hii pia ni yake." Karatasi ile ninayo hadi leo, na doa lake.

Kura za namna ile ni za chama, na za mtu aliyeaminiwa ndani ya chama. Profesa alizipokea kwa sababu alisimama upande ule ule wa bendera aliosimama Maalim. Na tusimnyime haki yake: tangu alipokuwa mwenyekiti wa chama mwaka 1999 aliyasimamia mambo ya Zanzibar majukwaani Bara, na yaliyotokea Pemba mwezi Januari 2001, watu walipouawa katika maandamano, yalimkuta akiwa kiongozi wa chama chetu cha wakati ule. Wapemba hawakumsahau kwa hilo. Lakini kuheshimiwa ni jambo moja, na kura ya shangazi yangu ilikuwa jambo jingine.

Mwaka 2015 Profesa alijiuzulu uenyekiti mwezi Agosti, baada ya vyama vya UKAWA, umoja wa upinzani wa wakati ule, CUF ikiwamo, kumsimamisha Edward Lowassa, aliyekuwa ametoka CCM karibuni. Juma Duni Haji, Mzanzibari aliyekuwa mgombea mwenza wa Profesa mwaka 2005 na 2010, alihamia CHADEMA ili awe mgombea mwenza wa Lowassa, kwa kuwa Katiba ya Muungano inataka rais na makamu wake watoke pande mbili tofauti za Muungano. Mwaka uliofuata Profesa alitaka kurudi katika kiti chake, Msajili wa Vyama vya Siasa akamtambua, na chama kikapasuka. Mahakama Kuu ilipotoa hukumu yake Machi 2019 kwa upande wa Profesa, Maalim Seif na wafuasi wake walihamia ACT-Wazalendo. Unakumbuka msemo wa siku zile, "shusha tanga, pandisha tanga". Matawi ya Pemba yalipakwa rangi nyingine kabla ya juma kumalizika.

Kwa hiyo uchaguzi wa 2020 ulikuwa mara ya kwanza kwa Profesa kugombea bila ya Pemba, na pia bila ya Bara ile ya mwaka 2000, kwa sababu upinzani wa Bara ulikuwa kwa Tundu Lissu. CHADEMA na ACT-Wazalendo waliyakataa matokeo ya mwaka ule kwa malalamiko mazito, na Katiba hairuhusu matokeo ya urais wa Muungano yapelekwe mahakamani. Kwa hiyo hizi ni tarakimu zilizotangazwa, na kila mtu anazipa uzito anaouona. Hata hivyo kulinganisha ndani ya matokeo yaleyale kunafaa. Profesa alipata 72,885 katika nchi nzima. Maalim Seif, aliyegombea urais wa Zanzibar peke yake, katika visiwa viwili, alitangaziwa 99,103.

Babu ataichukua tarakimu hiyo kuwa ushindi wake, na kwa nusu ni wake kweli. Lakini mwambie ahesabu hivi: kati ya 2010 na 2020 Profesa alipoteza kura 622,782. Hata tukimpa Zanzibar zile 176,338 zote, zinabaki kura zaidi ya laki nne na arubaini elfu ambazo zilipotea Bara, na Mpemba wa Pemba hana mkono ndani yake. Nasema Mpemba wa Pemba kwa makusudi. Ndugu zetu wengi wanaishi Tanga, Dar es Salaam na kwengineko katika pwani ya Bara, na kura zao kwa Profesa zimeandikwa katika hesabu za mikoa hiyo. Mjomba wako mwenyewe ni mmoja wao, na alipokuwa akimpigia Profesa kura yake kule Tanga, sijui kama aliipiga kwa ajili ya Bara au kwa ajili ya Wete alikozaliwa. Hilo muulize yeye.

Mwaka 2025 CUF ilimsimamisha Gombo Samandito Gombo, na jina la Profesa halikuwamo katika karatasi ya urais. Ukitaka kuendelea na kazi hii, anza na matokeo ya jimbo moja moja ya mwaka 2010, na uanzie na majimbo ya Wilaya ya Wete: weka kura za Maalim safu moja na za Profesa safu ya pili, uone zinapishana kwa kiasi gani katika kila jimbo. Ukishamaliza niletee, tuzipitie pamoja.